Ertuğrul wa Runinga na Ertuğrul wa Historia

Sisi wa safu hii ni mashabiki wa Ertuğrul, wala hatuoni sababu ya kulificha hilo. Tamthilia ya Diriliş: Ertuğrul ilianza kurushwa na kituo cha TRT 1 cha Uturuki mwezi Desemba 2014, ikahitimishwa Mei 2019 baada ya misimu 5 na sehemu 150, kila moja ikikaribia saa 2. Aliyeitazama yote ameketi mbele ya runinga muda usiopungua siku 12, usiku na mchana. Mapenzi ya namna hiyo yanastahili kuzungumzwa.

Mashabiki hawakosi ubishi, nasi tuna wetu. Kwetu, msimu wa kwanza haujapitwa, kwa kuwa adui mkubwa humo yumo ndani ya hema: kijicho, tamaa ya uongozi na ulimi usiotulia. Selcan, shemeji mtu aliyeanza kwa fitina akaishia kwa majuto, ameandikwa vizuri kuliko majemadari wengi wa tamthilia ile. Shoka la Turgut na mzaha wa Bamsı havituchoshi. Kinachotuchosha ni watu kutazamana bila neno huku ngoma zikirindima, na shujaa kutekwa, kuokolewa, kisha kutekwa tena, hata mtazamaji akaacha kumhofia.

Sababu ya tamthilia hii kupokewa majumbani mwetu haina siri. Kwa miaka mingi Muislamu katika filamu za kigeni alikuwa ama mtega mabomu, ama mtumishi asiye na jina. Hapa amekuwa mhusika mkuu: anaswali, anamstahi mama yake, anamwombea dua aliyekufa. Mwaka 2020 runinga ya taifa ya Pakistan ilianza kuionyesha kwa Kiurdu, kwa kuhimizwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Imran Khan. Mzazi anayeiona sijida katika runinga hupumua, akainuka kwenda jikoni, akawaacha watoto na Ertuğrul.

Hapo ndipo tunapoomba asubiri kidogo.

Ertuğrul wa historia anajulikana kwa uchache mno. Ushahidi wa karibu zaidi naye ni sarafu za mwanawe, Osman, zinazomtaja kuwa baba. Vitabu vya tarehe vya Dola ya Uthmaniya vinavyosimulia habari zake viliandikwa zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake. Bamsı tunayemcheka ametolewa katika ngano za kale za Dede Korkut. Ibn Arabi ni mwanachuoni wa kweli, aliyeishi kwa muda katika nchi ya Anatolia na kufariki Damascus mwaka 1240. Lakini hakuna ushahidi kwamba alikutana na Ertuğrul, sembuse kuwa mshauri wake. Sadettin Köpek naye alikuwapo kweli, akiwa na cheo kikubwa katika dola ya Waseljuki. Katika tamthilia anauawa na Ertuğrul. Katika historia aliuawa kwa amri ya Sultani Keyhüsrev wa Pili.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtunzi. Kazi yake ni kubuni, na bila kubuni asingeweza kujaza saa 300 kwa habari zinazoenea katika kurasa chache. Hofu yetu ni juu ya mtoto asiyeambiwa. Mtoto huyo huzitia akilini sehemu 150 kama historia ya dini yake. Siku moja, darasani au kwa rafiki, atagundua kwamba mengi yalitungwa. Je, hatakitilia shaka pia kile kilichothibiti, kwa kuwa vyote viwili alivipokea kwa pamoja, na sisi tukanyamaza? Tena yuko mwingine atakayejifunza humo kwamba kila asiye wa dini yake ni mpiganaji wa Templar aliyejificha, ilhali jirani yake Mkristo ndiye aliyempeleka hospitali mama yake alipougua.

Tukitafuta kinyume cha hali hiyo, hatuna haja ya kwenda mbali. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimbuni Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inaonekana penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio uliofanya. Bwana Msa, akiwa na sahibu yake Najum, haridhiki. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alisema nini, na aliyesema alijuaje. Hiyo nayo ni hadithi ya kubuni, na haijifanyi vinginevyo. Lakini msomaji huifunga akiwa amezoea kuuliza, na hayo ni mazoea yenye faida hata nje ya kitabu.

Kwa hiyo hatumshauri mzazi azime runinga. Tunamshauri aketi. Sehemu ikiisha, awaulize wanawe maswali matatu: ni nani aliyetusimulia haya? Yeye aliyajuaje? Na yuko mwingine aliyeyasema? Asiyekuwa na majibu asione haya. Na ayatafute pamoja nao, kwa mwalimu wa historia, kwa ustadhi wa madrasa au katika maktaba. Jioni moja ya namna hiyo itamfaa mtoto kuliko msimu mzima aliotazama peke yake.

Maswali hayo si mageni kwetu. Wanavyuoni waliotutangulia walijenga elimu nzima ya isnadi, wakichunguza kila msimulizi: alizaliwa lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ikoje, ukweli wake ukoje. Hawakuipokea habari kwa sababu inapendeza, wala kwa sababu anayeisimulia amevaa kilemba. Wajukuu wa watu hao wanaweza kumpenda Ertuğrul kwa moyo wote, wakamlilia anapojeruhiwa, na bado wakauliza ni nani aliyesema.