VIONGOZI WA VIJANA WAPEWE MAFUNZO

Kila wilaya ina watu wanaokaa na vijana kila jioni: makocha wa timu za mitaa, walimu wa madrasa na wa shule za Jumapili, viongozi wa skauti na walezi wa klabu za shule. Wengi wao hawalipwi hata senti. Kijana aliyenaswa mtandaoni akiona haya kumwambia mzazi, huwaendea hao. Nao wengi hawajapata kuelezwa la kufanya.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba katika Tanzania asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walipatwa na unyanyasaji mkubwa wa kingono mtandaoni katika muda wa mwaka mmoja. Hao ni watoto wapatao 200,000. Tena mara nyingi mwovu huyo ni mtu ambaye mtoto anamfahamu.

Hila yao ni moja. Mtu hujifanya rika, humsifu kijana, kisha huomba picha. Akishaipata hugeuka: leta fedha, au leta picha nyingine, la sivyo hii wataiona wazazi wako na shule nzima. Kijana asiye na kitu huiba nyumbani au hutoa picha ya pili, na kitanzi huzidi kukaza.

Hapo ndipo humwendea kocha wake. Kocha, kwa haya na kwa nia njema, husema, "Futa upesi." Ushahidi umepotea! Mwingine huirusha picha kwa mwenzake ili aombe shauri, asijue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Wa tatu hukaripia mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuna mwingine katika timu ile atakayefumbua kinywa.

Mafunzo yenyewe hayahitaji semina za hotelini. Alasiri moja katika ofisi ya kata yatosha. Kijana asikilizwe bila lawama. Asilipe, wala asiendelee kujibizana. Ujumbe, majina na namba za simu vihifadhiwe. Simu ipigwe 116 bila malipo. Kisha waende kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Wako wanaodai kwamba dawa ni kuwanyang'anya vijana simu. Hatukubaliani nao. Anayeogopa kunyang'anywa simu atanyamaza, na mwovu hutaka hasa kunyamaza huko.

Wala tusifumbe macho: kiongozi wa vijana naye aweza kuwa mbwa mwitu. Kila klabu iweke kanuni kwamba mlezi haandikiani na mtoto kwa siri, na wazazi waielewe kanuni hiyo.

Tunaziomba halmashauri zianze na kata zenye shule za sekondari, kabla ya likizo ijayo, na ziwalipie walezi hao nauli.