BWANA SHAMBA ANASEMA: Mwenye Pikipiki, Linda Mikono Yako



Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali huko Makete na Njombe. Asubuhi nyingine sakitu huonekana juu ya majani. Wenye pikipiki hutoka alfajiri kupeleka maziwa na viazi. Upepo huwapiga mikononi, vidole vikafa ganzi. Mkono wenye ganzi haukamati breki upesi.

Kinga unaweza kuitengeneza nyumbani. Chukua dumu tupu la plastiki la lita 5. Lioshe. Lipasue kwa urefu, upate vipande viwili. Lainisha kingo zisikukate. Funga kila kipande mbele ya mshikio wa usukani kwa waya na mpira wa tyubu kuukuu.

Kabla ya kuwasha injini, geuza usukani kulia na kushoto. Kamata breki na klachi, kisha achia. Zungusha mshikio wa mafuta uone kama unarudi wenyewe. Kitu kikigusana, fungua ufunge upya. Kinga inayozuia breki ni mbaya kuliko baridi.

Vaa glovu. Weka gazeti kifuani ndani ya koti, maana karatasi huzuia upepo. Lakini lisome kwanza!

Usiwashe pikipiki ndani ya nyumba ili injini ipate moto. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Hewa hiyo huua.

Vidole vikianza kufa ganzi njiani, simama. Pasha mikono makwapani. Kawia ufike.