Tuko Nyarugusu, Televisheni Inabisha

Fundi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anarudi jioni, anaoga, anawasha televisheni aangalie mpira. Bando ameshanunua, kifurushi cha televisheni ameshalipia. Ruta ya laini iko dirishani upande wa mnara, taa zote kijani. Kioo kinaandika: maudhui haya hayapatikani katika eneo lako. Eneo gani? Wiki nzima hajatoka hapa Nyarugusu, hajafika hata Geita mjini.

Anapiga simu. Kampuni ya laini inasema mtandao uko sawa, waulize wenye televisheni. Wenye televisheni wanasema muulize aliyekuuzia intaneti. Anapigwa danadana mpaka mechi inakwisha, na bando la siku nalo linaisha muda wake.

Chanzo kinajulikana. Programu ya televisheni haioni ruta ilipo; inasoma namba (anwani ya IP) ambayo laini imetokea nayo kwenye intaneti. Kwa ruta za laini, namba hiyo huchangiwa na wateja wengi, hubadilika wakati wowote, na hutokea kwenye mitambo iliyo mbali kabisa na mnara wa kijijini. Tena namba hizi zimeadimika duniani, zinauzwa na kununuliwa. Zikihama nchi, orodha za wanaokisia mahali huchelewa kurekebishwa.

Wajuzi wa mtaani watamwambia aweke VPN, programu ya kuficha mahali ulipo. Asikurupuke. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaoitumia wajisajili, na programu nyingi za televisheni zikiigundua zinafunga kabisa.

Kinachoudhi ni kwamba laini ile imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA); waliokaidi walianza kuzimiwa Januari 2020. Kifurushi kinalipiwa kwa namba ya simu ya Tanzania. Halafu mtu huyu bado anaulizwa yuko nchi gani!

Palipo na ubishi, wenye televisheni wakubali uthibitisho wa namba ya simu. Kampuni za simu zichapishe orodha ya namba zao na mahali zinapotumika, na kuisahihisha kila zinapohamisha. Ni faili moja tu linalosomwa na mashine. TCRA nayo iagize kwamba anayepokea lalamiko kwanza alifuatilie hadi mwisho, na siku ambazo mteja hakuona kitu zirudishwe kwenye kifurushi chake.