SAHIHI NI YA MWENYEWE, SI YA REJISTA YA MAZIWA



Mnajua mkutano wetu uliopita ulikubali tupeleke ombi kwa Bunge la Kaunti juu ya barabara ya kutoka mtoni mpaka hapa kituoni. (Bungeni huliita ardhilhali. Sisi tutasema ombi tu.) Kuhusu barabara yenyewe hakuna ubishi. Mvua ikinyesha kalavati hufurika, gari hugeuza njiani, na maziwa ya asubuhi yakifika yamekwisha chacha hukataliwa. Barabara za kaunti ni kazi ya kaunti, Katiba ya 2010 imesema hivyo katika Jedwali la Nne. Ubishi ni huu: majina ya waombaji yatapatikana vipi?

Wako wenzetu katika kamati wanaosema, ya nini kusumbua watu? Rejista ya maziwa ipo, ina majina na nambari za vitambulisho. Karani akae jioni moja anakili, mwenyekiti agonge muhuri, kesho yake safari. Kweli ni rahisi. Lakini sisi tunaoandika ubao huu tunasema hapana, tena tunaomba mtusikilize kabla ya mkutano wa Alhamisi.

Kwanza, huu wasiwasi wa kutafuta majina mengi unatoka wapi? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti. Mtu, hata mmoja. Idadi inatajwa kwa mambo mengine mazito. Mkitaka kura ya maoni ya mahali juu ya mpango fulani, kifungu cha 90 kinataka sahihi za asilimia 25 ya wapigakura walioandikishwa pale kura itakapofanyika. Kumwomba Rais asimamishe serikali nzima ya kaunti ni asilimia 10 ya wapigakura wa kaunti. Kalavati haimo katika hayo. Basi kama sheria haituagizi mia nne, kwa nini tubuni mia nne? Themanini waliotia mkono wenyewe watatutosha.

Pili, tutazame jinsi ombi linavyoandikwa. Sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge la Taifa na Seneti imeeleza wazi, na kanuni za mabunge ya kaunti kwa kawaida hufuata mfano huo. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa maneno ya heshima, bila kufutafuta. Lieleze kama tumekwisha kwenda kwa wanaohusika na wakatujibu nini, na kama jambo liko mahakamani. Kila karatasi ionyeshe ombi linahusu nini. Kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho, na sahihi au alama ya kidole, na hizo ziandikwe pale pale juu ya ombi, zisibandikwe wala kuhamishwa kutoka karatasi nyingine. Sasa rejista ya maziwa ikinakiliwa, si ndiyo kuhamisha kwenyewe? Mwanachama alitia sahihi kupokea pesa ya maziwa, hakuomba barabara.

Tena kuna jambo ambalo kamati haijalitaja. Katika rejista ile jina ni la mwenye akaunti, na mara nyingi huyo ni baba. Anayebeba mtungi alfajiri na kuvuka maji yaliyofika magotini ni mama. Tukinakili rejista, anayeumia hayumo, na aliyelala amo! Vile vile mwalimu, mwenye duka na vijana wa bodaboda wanapita njia hiyo hiyo bila kuuza hata kikombe cha maziwa hapa. Hao pia ni waombaji.

Wengine wanasema uchunguzi wa sahihi ni ujanja wa wakubwa wa kutupa maombi ya wanyonge. Hatukatai kwamba kanuni yaweza kugeuzwa ua wa miiba. Ndiyo sababu tunataka ombi letu lisiwe na pa kushikia. Kumbukeni mwaka 2016 wenye Okoa Kenya, waliosema wamekusanya sahihi kama milioni 1.6. Tume ya Uchaguzi ilipomaliza kuhesabu ikasema halali ni 891,598, nayo Katiba inataka milioni moja. Safari ikaishia hapo. Tena katika mambo ya BBI ilijulikana kwamba Tume haina sampuli za sahihi zetu. Ililinganisha majina na nambari na daftari la wapigakura. Kwa hiyo anayechunguza anaweza kukosa kuijua sahihi yako, lakini wewe mwenyewe unaijua. Akitokea mwanachama mmoja tu mbele ya kamati aseme, "Mimi sikutia mkono," ukurasa wote utatiliwa shaka, na wenye haki watakosa pamoja na wasio nayo.

Na uchungu wa kuandikwa bila kuulizwa tunaujua. Juni 2021 Wakenya wengi walitazama kwenye mtandao wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuingia. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Je, chama chetu kifanye yale yale kwa ajili ya kalavati?

Maoni yetu basi ni kwamba rejista ibaki kabatini. Ombi liandikwe na kusomwa kwa sauti, atakaye aulize, atakaye akatae bila kununiwa. Mume asimtilie mke, wala mtoto asimtilie mzee. Asiyejua kuandika apige kidole, jirani amwandikie jina mbele yake. Ukurasa mtupu usitiwe sahihi na mtu yeyote, hata akiuleta mwenyekiti. Karatasi zisitundikwe hapa ukutani, maana nambari ya kitambulisho si ya kila mpita njia kuisoma. Mweka hazina azifungie kila jioni. Nakala moja ibaki kwetu na mhuri wa ofisi ya Karani wa Bunge wenye tarehe. Kifungu cha 89 kinawataka wakuu wa kaunti wajibu maombi ya wananchi haraka, na bila tarehe tutadai haraka gani?

Mkutano ukikubali Alhamisi, meza itawekwa karibu na mizani Jumamosi, maziwa ya asubuhi na ya jioni. Wino wa kidole utakuwepo. Njoo na kitambulisho chako, na mama aje na chake.