Kisangani: mashua za mbao zitengenezwe kabla mizigo ya viwavi haijashuka

Katika jimbo la Tshopo, mwezi wa nane na wa tisa ni miezi ya viwavi, wale wanaoitwa mbinzo. Familia nyingi huacha kijiji na kulala porini siku kadhaa. Watoto huokota, akina mama huchemsha na kukausha kwa moshi, na wengine hurudi na uyoga pia. Ni kazi ngumu, lakini ni furaha ya mwaka. Baadaye magunia hupakiwa kwenye mashua za mbao, zile balenyeri, na kuletwa kwenye masoko ya Kisangani. Pesa hiyo hununua madaftari, maana shule hufunguliwa mwezi wa tisa.

Shida ni kwamba mashua nyingi hupokea mizigo hiyo bila kutengenezwa. Ubao uliooza hupigiliwa bati juu yake, maji yanayoingia huchotwa kwa kopo, na safari inaendelea.

Kila mashua inapozama, wenye mamlaka hurudia sababu zilezile: mzigo kupita kiasi, safari za usiku, abiria bila jaketi za kuokoa maisha. Sababu hizo ni za kweli. Lakini hali ya mashua yenyewe haizungumzwi vya kutosha, na wakati wa kuitengeneza unajulikana na kila mvuvi.

Hapa Kisangani, maji ya mto Kongo hupungua kati ya mwezi wa saba na wa nane, kisha hupanda tena kuelekea mwisho wa mwaka. Maji yakiwa chini, ufuko ni mpana na mashua huweza kuvutwa inchi kavu, ikalazwa upande na kukauka. Hapo fundi huona ubao uliooza, huubadilisha, huziba nyufa kwa nyuzi na lami, na kukaza misumari. Mashua ikiwa majini, kazi hiyo haiwezekani.

Desturi hii si ngeni. Huko Lamu na Zanzibar, majahazi yalivutwa ufukweni, yakazibwa nyufa na kupakwa shahamu na chokaa kabla ya safari mpya. Ulaya, wenye mashua za tanga huzitoa majini kabla ya baridi, majira yaleyale watu wanapokwenda msituni kuokota uyoga. Kwa Tshopo, wakati huo ni mwezi wa saba, kabla watu hawajarudi na magunia.

Wenye mashua watasema kwamba wiki mbili bila safari ni hasara. Ni kweli, na barabara za kwenda Isangi, Opala au Basoko ni mbaya, kwa hiyo watu wanategemea mto. Lakini wanaweza kupeana zamu, nusu wasafiri na nusu watengeneze. Hasara ya wiki mbili ni ndogo kuliko ya mashua nzima pamoja na watu wake.

Komisaria ya mto nayo isingoje bandarini kuangalia karatasi na kudai malipo. Mwezi wa saba iende ufukweni, pande zote mbili za mto hadi Lubunga, pamoja na fundi seremala, ikague mashua zikiwa kavu. Inayofaa ipakwe alama yenye mwaka, kubwa, ili hata mama asiyejua kusoma Kifaransa aitambue. Isiyo na alama isipakie.

Ukaguzi huo uangalie pia mahali pa kupikia. Mwezi wa nne 2025, mashua ya mbao HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka, na zaidi ya watu 140 walikufa. Wenye mamlaka walieleza kwamba moto ulianza wakati abiria mmoja alipokuwa anapika.

Kuna faida nyingine. Sapelli, mti ambao majani yake huliwa na viwavi, ndio huohuo unaowindwa na wakataji wa mbao. Mashua inayotunzwa hudumu, na haidai mbao mpya kila mara.

Viwavi hukaa porini wiki chache tu, na mama aliyewaokota ana haki ya kufika sokoni akiwa hai. Mwenye mashua asiyeitengeneza mwezi wa saba asipewe gunia hata moja mwezi wa tisa.