Mkojo Upimwe Kabla ya Figo Kukatwa

Mwananchi anapokojoa damu, akakonda na kulalamika maumivu ya ubavu, hofu ya kwanza kuingia nyumbani mwake ni saratani. Hofu hiyo humfuata hadi hospitali. Na picha ikionyesha figo iliyoharibika au mrija wa mkojo uliobana, wapo madaktari ambao nao huikubali. Mgonjwa huandikiwa upasuaji. Figo hutolewa, hupelekwa maabara, na ndipo inapogundulika kuwa haikuwa na saratani hata kidogo, bali kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya miezi sita, vitolewavyo bure nchini mwetu.

Makosa ya namna hii yameandikwa na madaktari wa nchi nyingi, zikiwamo zilizoendelea, wala hatuyataji ili kumdhalilisha mtu. Kwetu sisi jina lenyewe linachangia kutupotosha. Tumeuita ugonjwa huu kifua kikuu, tukazoea kuutafuta katika makohozi tu. Lakini vimelea alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882 husafiri katika damu kutoka mapafuni hadi kwenye figo, na huweza kulala humo miaka mingi. Vinapoamka, mgonjwa hakohoi, na pengine hakumbuki kama aliwahi kukohoa.

Dalili ipo kwa anayeitazama: mkojo wenye usaha ambao, ukioteshwa kwa njia ya kawaida, hautoi kimelea chochote. Hapo mkojo wa alfajiri hauna budi kukusanywa siku tatu mfululizo au zaidi na kupimwa kifua kikuu, kwani kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi. Kuotesha vimelea hivyo huchukua majuma kadhaa; kipimo cha vinasaba hutoa jibu kwa saa chache.

Tunajua saratani nayo haingoji, na kwamba kandokando ya Ziwa Viktoria, penye kichocho kingi, saratani ya kibofu si jambo la kubuni. Tunajua pia kuwa figo iliyokwisha kuliwa na kifua kikuu wakati mwingine hulazimika kuondolewa. Lakini figo iliyokatwa hairudishwi. Nchi iliyoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, mpango ambao mataifa mengi yalikuja kujifunza kwake, haina udhuru katika jambo hili. Tunaitaka Wizara ya Afya iagize kwamba, isipokuwa kwa dharura, mgonjwa yeyote asikatwe figo kwa kushukiwa saratani kabla mkojo wake haujapimwa kifua kikuu, na jibu la kipimo hicho liandikwe katika fomu yake ya upasuaji.