Safari Hii Sibebwi: Kigari cha Mama na Ngazi za Ofisi Zetu

Mwezi Julai 2024 nilikuwa Florida, Marekani, nikimsindikiza mama yangu katika mapumziko ambayo mdogo wangu, muuguzi anayeishi Atlanta, alikuwa ameyawekea akiba kwa miaka mitatu. Wajukuu walikuwa wametaka jambo moja tu: kwenda na Bibi katika bustani za burudani za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando. Mama ana umri wa miaka 74. Alifundisha shule za msingi mkoani Morogoro kwa zaidi ya miaka 30, na magoti yake yalianza kumgomea kabla hajastaafu. Nyumbani hutembea kwa mkongojo kutoka chumbani hadi barazani, na siku magoti yakimhurumia hufika hadi kwa jirani.

Lile eneo si bustani kwa maana tuliyoizoea. Lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, lina ukubwa unaozidi kilometa za mraba 100, na ndani yake mna bustani kuu nne. Katika mojawapo, EPCOT, njia ya kuzunguka ziwa peke yake inakaribia kilometa 2. Hata kijana mwenye miguu mizima hurudi jioni akichechemea. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa amekodi kigari cha umeme, kile chenye kiti kimoja, usukani kama wa pikipiki na kikapu mbele.

Vigari hivyo hukodishwa kwa namna mbili. Vipo vya bustani zenyewe, ambavyo hupewa anayewahi na haviruhusiwi kuvuka lango. Maana yake mgonjwa wako hujitegemea kutoka kwenye basi hadi langoni, na tena jioni wakati wa kurudi. Vipo pia vya makampuni ya nje, ambayo hukuletea kigari hotelini, ukakaa nacho siku zote za mapumziko, ukakichaji usiku kama unavyochaji simu. Mdogo wangu alichagua njia hii ya pili, na namshauri kila mwenye mzazi wa aina ya mama yetu afanye hivyo hivyo.

Mama alikitazama kigari kile, akakigeuzia mgongo.

“Mimi bado natembea,” alisema. “Hivyo waachieni walemavu.”

“Mama, ni cha kupumzishia magoti tu,” mdogo wangu alimbembeleza.

“Magoti yangu nayajua mimi.”

Aliyemshinda ni mjukuu wa miaka saba. Alimwonyesha kitufe cha kuzungusha kinachopima mwendo. Upande mmoja pamechorwa kobe, upande wa pili sungura. Mwalimu aliyewasimulia watoto wa watu hadithi za sungura na kobe kwa muda wote ule hakuweza kujizuia kucheka. Alikaa. Akaweka kobe. Kufikia alasiri alikuwa ameweka sungura, na sisi tulikuwa nyuma yake tukimwomba atusubiri.

Siku ya tatu tulikwenda Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake wamejenga mji wa kubuni wa Afrika Mashariki unaoitwa Harambe. Wabunifu wake walichota sura ya majengo kutoka Lamu, kuta wakazipiga rangi ya kuchakaa, mabango wakayaandika Kiswahili, na mahali fulani wakaandika “Uhuru 1961”. Kutoka hapo abiria hupanda magari ya safari yaliyopewa jina la Kilimanjaro, wakaoneshwa twiga na tembo walio hai.

Mama alisimamisha kigari, akasoma maandishi yale kwa sauti. Mwaka 1961 alikuwa binti wa miaka 11. Kisha akaendelea. Sikuona katika Harambe ile duka alilotaka kuingia akashindwa. Foleni aliipanga pamoja nasi. Ulipofika wakati wa kupanda gari alihamia kwenye kiti mwendo, akaingia bila kunyanyuliwa na mtu. Mwanamke huyu amepita kando ya wanyama wa Mikumi mara nyingi akiwa ndani ya basi, lakini hakuwahi kwenda kuwatazama kwa starehe. Safari yake ya kwanza ya kutazama tembo aliifanya Florida.

Ndugu msomaji, usidhani nimeandika haya ili kuisifu Marekani. Nitafika huko. Nimeyaandika kwa sababu usiku ule, wakati nakichaji kigari, Mama aliniambia neno ambalo sijaweza kulitua: “Kumbe siku zote zile si miguu yangu tu.”

Nilijua anazungumzia siku gani. Mwaka mmoja kabla, aliitwa kuhakikiwa, wastaafu wanavyoitwa ili kuthibitisha kwamba wangali hai. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili na lifti ilikuwa mbovu. Nilipanda kumwomba mhusika ashuke. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba mashine ya alama za vidole iko juu na haishuki. Walinzi wawili wakaleta kiti cha plastiki, wakamkalisha Mama, wakambeba. Katikati ya ngazi kitenge chake kilifunguka. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili na hakuweza kukirekebisha. Watu walikuwa wakishuka. Miongoni mwao alikuwapo mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alimwamkia “Shikamoo, Mwalimu” huku akitazama ukutani. Mama aliwashukuru walinzi wale kwa heshima zote. Ndani ya gari hakusema neno hadi nyumbani.

Siwalaumu walinzi, walifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wao. Mimi mwenyewe siku ile niliwapa chochote cha soda, na moyoni nikasema Watanzania bado tuna utu. Fikra hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga leo, na nianze kwa kujipinga mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi anayetumia kiti mwendo. Somo langu lilipangwa katika chumba cha ghorofani. Kila wiki wenzake walimbeba, wawili wakimshika yeye na mmoja akifuata na kiti. Muhula mzima. Wiki ya mwisho nilisimama mbele ya darasa nikawapongeza vijana wale kwa moyo wao wa kusaidiana, na darasa likapiga makofi. Yeye hakupiga. Wakati huo niliudhika kidogo, nikaona hana shukrani. Leo najua kwamba katika muhula ule wote sikuwahi kufanya jambo ambalo lingenigharimu barua moja: kuomba chumba cha chini. Nilikuwa nafundisha habari za haki na dola, na haki ilikuwa inapandishwa ngazi mabegani mwa vijana wa miaka ishirini mbele ya macho yangu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa hata sioni kama ni mzigo.

Sasa tuitazame Marekani bila ushabiki. Njia bapa alizopita Mama hazikutokana na ukarimu wa tajiri wala na wema wa kitaifa. Mwaka 1973 nchi ile ilitunga sheria ya kuzuia ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopata fedha za serikali kuu, kisha serikali ikachelewesha kanuni zake kwa miaka minne. Mwaka 1977 watu wenye ulemavu waliingia katika jengo la serikali kuu mjini San Francisco, wakakaa humo kwa zaidi ya wiki tatu, wengine wakihitaji dawa na msaada wa kugeuzwa usiku, mpaka kanuni zikatiwa saini. Tarehe 12 Machi 1990, makumi yao waliacha viti mwendo na magongo chini ya ngazi za Bunge mjini Washington, wakapanda kwa kutambaa. Miezi minne baadaye, tarehe 26 Julai 1990, Rais George H. W. Bush alitia saini sheria inayozilazimisha hata biashara binafsi zinazohudumia umma ziweze kufikika. Viwango vilivyofuata viliingia hadi katika vipimo: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu usiopungua sentimita 12.

Kwa hiyo kigari kilikodiwa kwa dola, lakini njia kilimopita ilinunuliwa kwa magoti ya watu waliotambaa. Watalii wengi hawalijui hilo.

Wala kazi haijaisha huko. Sheria ile inamlazimisha mwenye biashara kukuruhusu uingie na kigari chako. Haimlazimishi kukupa kigari. Medicare, bima ya afya ya wazee, hulipia kigari cha namna hii pale tu daktari anapothibitisha kwamba mtu anakihitaji ndani ya nyumba yake. Mzee anayeweza kujikokota kutoka kitandani hadi jikoni, lakini hawezi kutembea kilometa moja kwenda kuwaona watu, hana lake. Ndiyo maana biashara ya kukodisha inastawi: haki inakufikisha mlangoni, kutoka hapo mfuko wako ndio utakaokupeleka. Mama alifurahia uhuru wa siku tano kwa sababu ana binti muuguzi. Wazee wangapi wa nchi ile ile hawana binti wa aina hiyo?

Na sisi je? Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inazungumzia ufikivu wa majengo, usafiri na habari. Mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Sheria tunayo, na ina umri wa kwenda sekondari. Uwezo nao tunao: vituo vya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, vilijengwa ili sakafu ya kituo ilingane na sakafu ya basi. Ujuzi huo haukuhitaji utajiri wa Florida. Ulihitaji mtu mmoja kwenye meza ya michoro aliyelazimika kufikiri juu ya abiria mwenye kiti mwendo.

Nitaambiwa kwamba nchi ni maskini na yapo mahitaji makubwa zaidi. Nakubali kuhusu lifti. Lifti ni ghali, na umeme wake tunaujua. Lakini ngazi nazo hujengwa kwa saruji. Mteremko uliochorwa tangu mwanzo hauongezi gharama ya kumfilisi mtu. Kinachotugharimu ni kubomoa baadaye. Na kwa majengo ambayo tayari yamesimama, dawa haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Huduma za wastaafu, wajawazito na wagonjwa zishushwe ghorofa ya chini, na ofisi ambazo hazipokei watu zipande juu. Katika majengo yetu mengi mpangilio ni kinyume: aliye juu kwa cheo hukaa juu kwa ghorofa, na mwananchi humfuata huko.

Nitaambiwa pia kwamba kubebana ndiyo mila yetu, na kwamba vigari na miteremko ni ubinafsi wa Kizungu wa kila mtu na lake. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu nami niliishikilia. Lakini mila yetu hiyo hiyo inatufundisha kumsitiri mzazi. Hakuna mila ya Mluguru wala ya Mswahili inayoruhusu mama wa watu afunguke kitenge hadharani ili apate haki yake mwenyewe. Kumbeba mtu mahali ambapo mto umefurika ni utu. Kujenga mto katikati ya ofisi, kisha kujisifu kwa kuwavusha watu, ni jambo jingine.

Kwa hiyo nawaomba mnaonisoma. Mwanafunzi, kabla ya kujitolea kumbeba mwenzako, muulize kama angependa muandike pamoja barua ya kuomba chumba cha chini. Nakala mniletee, nitaitia saini. Mtumishi wa umma, kesho hesabu vidato kutoka lango la ofisi yako hadi meza yako, kisha jiulize mashine ile kweli haishuki au ni sisi tusiotaka kushuka. Mwanaharakati, wapo watu wenye ulemavu walio katika vyama vyao na shirikisho lao, SHIVYAWATA, ambao wamelisema hili kwa miaka mingi, tuwafuate, tusiwatangulie. Na sote tukumbuke kwamba hujafa hujaumbika. Mama naye alisema vile vigari ni vya walemavu.

Tulipokirudisha kigari, kijana wa kampuni alimuuliza Mama kama amekipenda. Nikatafsiri. Mama akampa ufunguo, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

Wiki iliyopita imekuja tena taarifa ya uhakiki. Ofisi ni ile ile, ghorofa ile ile. Nilimwambia Mama kwamba nitatafuta vijana wawili wenye nguvu na kiti imara zaidi.

“Usitafute mtu,” alisema. “Utanipeleka hadi chini ya ngazi, nitakaa hapo na kitambulisho changu, nao watashuka kuja kuona kama niko hai. Safari hii sibebwi.”

Nimeomba ruhusa ya siku moja kazini. Nitakaa naye.